Si Lavi, ni Ravi

Mimi naitwa Nelima, mtu wa Kabuchai kwa kuzaliwa na wa Kitale kwa kutafuta riziki, na jambo hili nitalisema bila kujinyenyekeza: miaka ile sikumjua mwanamke mwingine, kutoka Kitale hadi Bungoma, aliyetafsiri filamu za Kihindi kwenye maiki. Wengine wote walikuwa wanaume, na wengi wao hawakujua Kihindi. Wala hawakuona haya. Kwenye maiki, mwenye sauti kubwa ndiye msomi.

Mimi nilikijua. Miaka sita nilimtunza bibi mmoja Mhindi pale Kitale, tulimwita Biji, yaani mama, aliyekuwa hawezi tena kutembea na analala ghorofani. Kazi yangu ilikuwa dawa, uji na filamu. Biji alitazama filamu mbili kwa siku na hakupenda kutazama peke yake. Nisipoelewa neno alinieleza, na nikikosea kulirudia alinivuta sikio. Kilichonivutisha sikio zaidi ni l na r. Kwetu Bukusu, l na r ni mapacha. Ukimwita mmoja, anaitika yeyote aliye karibu. Biji hakutaka mambo ya mapacha. Aliniambia niweke ulimi juu nisiukunje, na akanirudisha kwenye neno lile lile mpaka uji ukapoa. Alipofariki niliondoka kwenye nyumba ile na sanduku moja na ulimi ulionyooka kuliko wa mwalimu mkuu.

Ulimi huo ndio aliouajiri Salman. Salman alikuwa na kumbi mbili za vidio: moja Kitale karibu na soko, nyingine Bungoma nyuma ya msikiti, ambayo dadake, Hawo, ndiye aliyeisimamia. Salman alikuwa mfanyabiashara wa kweli, na kwa sababu hiyo hakuwahi kutazama filamu. Yeye alitazama mlango. Watu wakiingia, filamu ni nzuri. Wakitoka kabla ya mwisho, ni mbaya. Nilimheshimu, lakini mtu wa namna hiyo ni kama mpishi asiyeonja.

Mwaka 2004, mahindi yakianza kukauka mashambani, Salman alirudi kutoka Nairobi na mfuko wa sidii. Mojawapo haikuwa na picha yoyote, ni herufi za Kihindi tu zilizoandikwa kwa wino mzito. Kihindi nakisema lakini sikisomi. Biji hakunifundisha herufi.

"Hii walinipatia tu kama nyongeza," Salman alisema. "Angalia kama ni takataka. Tutawekea watu siku ya mvua."

Niliiangalia asubuhi, peke yangu ukumbini, na chai yangu ikapoa bila kuguswa. Hakuna wimbo hata mmoja. Hakuna ngumi. Hakuna milima yenye theluji wala wacheza ngoma hamsini wenye sare. Ni nyumba moja, watu watano na mvua. Ukitazama vizuri utaona pazia la sebuleni na pazia la chumba cha mgonjwa ni lile lile, wamelihamisha tu. Polisi hawaonekani kabisa, wanasikika kwenye simu, na naapa ni kwa sababu hapakuwa na hela ya kushona sare. Lakini aliyeitengeneza alikuwa na akili, na akili haikodishwi. Kwa kuwa polisi hawafiki, wewe uliyekaa kwenye benchi unajua hakuna wa kukuokoa. Kwa kuwa nyumba ni moja, baada ya dakika kumi unaijua kama yako: mlango wa jikoni uko wapi, swichi iko wapi, na ile ngazi ya mbao inayopanda kwa mama mgonjwa, ambayo kipandio chake cha tatu kinalia.

Ravi, kijana wa nyumba, mlevi mwenye hasira, akipanda, kinalia. Daktari akipanda, kinalia. Kufikia katikati masikio yako yanakingojea kama unavyongoja mtu apige chafya. Halafu umeme unapotea, kuna anayepanda, unaona kivuli tu ukutani, na kipandio cha tatu hakilii. Asubuhi daktari anakutwa amekufa chini ya ngazi.

Nilisimamisha sidii. Nilijua papo hapo muuaji ni nani. Mwenye nyumba hukanyaga popote, kelele ni zake. Anayejua kipandio kipi kinalia ni yule anayebeba dawa wakati mgonjwa amelala. Muuaji alikuwa Lavi, yaya wa yule mama, msichana mpole anayejibu kila kitu "ndiyo". Zamani mamake Lavi alifukuzwa kwenye nyumba hiyo hiyo kwa pete ambayo hakuiba, daktari yule akiwa shahidi wa uongo, akafa na jina la mwizi. Lakini hayo unaambiwa mwishoni. Mpaka hapo kila mtu anamshuku Ravi, na Lavi hakuna anayemwona.

Mimi nilimpa Biji dawa miaka sita, na siku ya kumuaga, mwanawe mkubwa aliniuliza jina langu ni nani. Sijawahi kumdhuru mtu, Mungu ni shahidi. Lakini nilimwelewa Lavi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maiti.

Kwa kuwa jina lake sikuweza kulisoma, filamu hiyo niliibatiza Ngazi, na tukaionyesha Kitale siku ya mvua. Watu walianza kwa kulalamika.

"Dijei, nyimbo ziko wapi?"

"Nyimbo ziko kanisani," nikawajibu. "Tulia utazame."

Walitulia. Kutafsiri, kama hujui, si kusema tu. Ni kujua lini ufunge mdomo. Ile sehemu ya kivuli nilifunika maiki kwa kiganja, nikaongeza sauti ya spika, nikawaachia ngazi. Ukumbi wa Kitale, ambao kwa kawaida una kelele kuliko mnada wa ng'ombe, ulinyamaza mpaka nikasikia mvua kwenye mabati ya jirani. Filamu ilipoisha hawakutoka. Mkulima mmoja wa Kachibora aliondoka akisahau gunia lake la kabichi chini ya benchi, akarudi kulichukua baada ya saa nzima akiwa bado anatikisa kichwa.

Nilifurahi kupita kiasi. Sikujua kwamba aliyekaa karibu na mlango ni Kibiwott.

Kibiwott alikuwa fundi wa viatu, na kibanda chake kilikuwa hatua nne kutoka mlango wetu. Mtu mzuri, mwenye moyo wa kusaidia, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Kila aliyeleta kiatu alisaidiwa. "Usipoteze wakati yako huko ndani," alimwambia, uzi ukiwa mdomoni. "Ni Lavi. Ule yaya." Na Kibiwott ulimi wake ulikuwa mnyoofu. L ilitoka l, r ikatoka r. Siku ya pili ukumbi ulikuwa nusu, siku ya tatu walikuja watu sita, na siku ya nne alikuja mmoja aliyekosea njia.

"Kibiwott, filamu inatazamwa, haisimuliwi," nilimwendea na hasira zangu.

"Mama, si mimi nasaidia tu. Mtu akijua mwisho, anaenda nyumbani mapema."

Jioni ile Salman aliniita. Alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa siku zote, na mlango haukuwa na mtu.

"Nelima, hii sinema yako ya kimya kimya imekufa."

"Haijakufa. Imeuawa na fundi wa viatu."

"Zote ni maiti." Hakuwa na ubaya, alisema kama mtu anayesoma bei. "Nakupatia wiki mbili Bungoma, kwa Hawo. Ikikataa huko pia, maiki ni ya Levi, hapa na Bungoma. Wewe utauza chai mlangoni, sitakufukuza."

Levi alikuwa dijei wetu wa filamu za karate. Kihindi chake kilikuwa neno moja, "nahin", yaani hapana, na hata hilo alilitafsiri kila mara kwa namna tofauti. Lakini alikuwa na sauti kama honi ya trela na utani usioisha, na watu walimpenda. Sina ubaya na chai pia, imenilea. Ila nilikuwa nimeonja kitu: watu arobaini gizani wakinisikiliza mimi, msichana wa dawa. Nikiikosa maiki ningerudi kuwa mtu wa kuulizwa jina siku ya mazishi. Niliogopa hivyo, na sioni haya kusema.

Basi nikaenda Bungoma na sidii yangu imefungwa ndani ya leso. Hawo, mwanamke mnene mwenye maneno machache, alinionyesha ukumbi: mabenchi safi, pazia jeusi, na saa ya kuanza imeandikwa kwa chaki mlangoni, saa kumi na nusu, baada ya swala ya alasiri. Jumamosi ya kwanza walikuja wachache, nusu yao wakikimbia jua. Mmoja wao alikuwa Nakhungu.

Nakhungu aliendesha boda boda ya baiskeli, Bungoma hadi Kibabii, Bungoma hadi Kabuchai, na abiria wake alipata safari mbili kwa nauli moja: ya barabara na ya maneno. Siku hiyo alitoka ukumbini macho yamemtoka. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwa Kibiwott, kwa hiyo nikasimama mlangoni nikawaomba wote, mmoja mmoja.

"Tafadhali, msimwambie mtu muuaji ni nani."

"Mimi?" Nakhungu akaweka mkono kifuani. "Mimi ni kabuli, mama."

Sikuwa nimemaliza hata kurudisha waya ya maiki nilipomsikia kule kwenye kituo chao, amezungukwa na wenzake, akisema "...kumbe ni..." Nilikimbia. Nilipofika alikuwa ameshampakia mwalimu mmoja, anakata kona ya kwenda Kibabii, shingo imegeuka nyuma na mdomo unafanya kazi kuliko miguu.

Nilirudi nikakaa kwenye benchi tupu. "Imekwisha, dada Hawo," nikasema. "Kesho kutwa itakuwa imefika Kabuchai."

"Ngoja Jumatatu," Hawo alisema, akafagia.

Jumapili hatukufungua. Jumatatu nilikuja nikiwa nimeshafunga mkoba wangu, na nikakuta watu wamepanga foleni mpaka ukuta wa msikiti. Walitoka Kibabii, walitoka Kabuchai, wengine walikuwa na matope ya shamba la miwa miguuni. Nilidhani kuna mazishi.

"Hawa wamekuja kufanya nini?" nilimuuliza Hawo.

"Kuona Ravi akishikwa."

"Nani amesema Ravi?"

"Mji mzima. Ule wa boda boda anasema, watu watafikiria ni Lavi, kumbe ni Ravi."

Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo. Halafu nikaelewa. Nakhungu alikuwa ameusema ukweli wote, mbichi, kwa kila mtu, na ulimi wake ulikuwa umewabadilisha mapacha. Alitaka kusema: watu watafikiri ni Ravi, kumbe ni Lavi. Kinywani mwake Lavi ni Ravi na Ravi ni Lavi, na yeye hajawahi kusikia tofauti. Mimi nami, kwa sikio lililovutwa miaka sita, nilikuwa nikiyatamka majina hayo kwenye maiki kama Biji alivyotaka. Kwa hiyo kila aliyemsikia Nakhungu barabarani, akiingia ndani ataonyeshwa Ravi, na atajiona mwerevu.

Ningeweza kuwarekebisha. Nilikuwa na maiki. Nilijiuliza kwa muda mfupi sana kama ni dhambi, nikaamua kwamba sikumdanganya mtu, nikawasha sidii.

Sijawahi kufanya kazi katika ukumbi kama ule. Ravi alipoonekana mara ya kwanza walimzomea kabla hajasema neno. Alipombebea mamake supu, mama mmoja anayeuza mitumba, aliyekaa benchi la mbele, alishika kichwa. "Anamuua leo," alisema. Lavi alipoingia na kijiko cha dawa, ukumbi mzima ulishusha pumzi.

"Afadhali wewe, dada," mwanamume mmoja akamwambia Lavi. "Mchunge huyo mama."

Ile filamu ilikuwa imetengenezwa ili wamshuku Ravi. Nakhungu aliwapa uhakika. Kipandio cha tatu kilipokosa kulia, wachache walishtuka, wengine walikuwa bado wanamsubiri Ravi. Kisha, mwishoni, giza likaingia mara ya pili, umeme ukarudi, mtu wa kivulini akageuka, na uso ulikuwa wa Lavi. Sijui niwaeleze vipi. Hawakupiga kelele. Kwanza ilikuwa kimya cha watu wanaorudi nyuma kichwani, mlango kwa mlango, wakikumbuka kila "ndiyo" ya yule msichana. Mama wa mitumba alisimama, akaketi, akasimama tena. Halafu kelele ikaja, na ikakaa.

Walipotoka walikwenda moja kwa moja kwa Nakhungu. Nilifuata kwa mbali, sikutaka kukosa.

"Ulituambia ni Ravi," mama wa mitumba akamshika kola.

"Si ndio. Ni Ravi. Ule msichana wa dawa."

"Msichana anaitwa Lavi."

"Si hiyo ndiyo nasema, bana, Ravi. Lavi ni ule kijana murevi."

 Mwalimu wa Kibabii, aliyekuwa amekuja kwa ahadi ya safari ile ya Jumamosi, alianza kucheka kwanza, wakacheka wote mpaka baiskeli ikaanguka. Lakini uzuri wa mambo ni huu: wao wenyewe walipofika nyumbani, Kabuchai, Kibabii na kwingineko, waliulizwa muuaji ni nani, na wakajibu kwa moyo mweupe na ulimi wa mapacha, "Ni Ravi." Wachache wenye ulimi mnyoofu walisema ni Lavi, wakaambiwa hawajui kitu, mji mzima umesema Ravi. Siri ile ilitangazwa na wilaya nzima na ikabaki siri. Sijawahi kuipenda lugha ya kwetu kama wiki hiyo.

Nilianza pia kuona jambo jingine, na hili ndilo nililomsifia aliyeitengeneza filamu kuliko yote. Watu walirudi. Mama wa mitumba alirudi mara tatu. Walikuwa wameshajua, na hawakuja tena kumtazama Ravi, walikuja kumtazama Lavi. Mara ya kwanza unapomwona akikunja shuka unaona msichana anakunja shuka. Mara ya pili unaona mikono. Hakuna tukio lililofichwa, kila kitu kilikuwa mbele yako, ila wewe ulikuwa unamtazama mwenye kelele. Filamu mbovu ukijua mwisho wake imekwisha. Hii ukijua mwisho inaanza upya, na haikuhitaji nyota wa kuzaliwa Bombei wala helikopta. Ilihitaji ngazi moja ya mbao na mtu anayejua jinsi watumishi wanavyotembea.

Alhamisi ya wiki ya pili Salman alikuja Bungoma, na hakuja peke yake. Alikuwa na Levi, amevaa jaketi jipya la ngozi.

Salman alitazama foleni, akatabasamu, akanivuta pembeni. "Nelima, hapa usijidanganye. Hii si wewe, na si sinema. Ni mdomo ya ule kijana wa boda boda. Sasa watu wakiwa wengi hivi wanataka sauti kubwa. Leo Levi atashika maiki."

"Ulinipa wiki mbili."

"Na zinaisha kesho. Siku moja ni nini?"

 Roho iliniuma kwa sababu sehemu moja yangu ilidhani anasema kweli. Huenda ningekuwa jiwe pale mezani na foleni ingekuwa ile ile. Nikampa Levi maiki, nikaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, mahali ambapo mtu wa kuuza chai angekaa.

Levi alianza vizuri, siwezi kumwonea. Alimpa Ravi sauti ya chifu mlevi na ukumbi ukaangua kicheko, hata mimi nilicheka. Daktari alimfanya msemaji wa redio. Alikuwa akitunga kila neno, lakini utungaji wake ulikuwa mtamu. Salman alinitazama kutoka mlangoni na kuinua nyusi, kana kwamba anasema unaona. Kisha tukafika mwishoni, umeme wa nyumba ile ukapotea mara ya pili na kivuli kikaanza kupanda ngazi.

"Mtazameni huyu," Levi alisema, "anapanda kama mwizi wa kuku wa Kanduyi, ameacha viatu kwa..."

"Nyamaza," sauti ikatoka katikati. "Tunasikiza ngazi."

Levi alidhani ni utani, akajibu kwa utani. Watu wakaguna. Mama wa mitumba akageuka akamtazama Levi kama mtu anayetazama mtoto aliyepanda juu ya meza ya wageni. "Mpatie mama maiki yake," akasema. Mwingine nyuma akarudia, na mwingine, si kwa kelele, walisema kama watu wanaoomba chumvi: mpatie mama maiki. Hawo akachukua rimoti akasimamisha picha.

Salman hakunitazama mimi, aliwatazama wao. Kisha akamwashiria Levi kwa kidevu. Levi akaniletea maiki mwenyewe, na kwa haki yake niseme alinipa kwa mikono miwili.

Nilirudisha sidii nyuma kidogo, mpaka umeme ulipopotea. Waliochelewa walikuwa wameuziba mlango, Salman akakosa pa kusimama, akajibana mwisho wa benchi la mbele kando ya mama wa mitumba. Nikafunika maiki kwa kiganja. Nikaongeza sauti. Kipandio cha kwanza, mbao ikasema kidogo. Cha pili. Halafu pale ambapo sikio linangoja, hakuna kitu, na ukumbi mzima ukashika pumzi, nikiwemo mimi niliyeisikia zaidi ya mara kumi.

Umeme ukarudi. Lavi amesimama kando ya kitanda na bilauri mkononi. Mama mgonjwa anafumbua macho, anamwona, na anafurahi. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha, kwamba anafurahi. Lavi anamwambia maneno mawili kwa Kihindi, nikafunua maiki, nikayasema kwa Kiswahili, polepole, na kwa sauti ya chini:

"Dawa, Mama."

Sikuwa natafsiri. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kila jioni kwa miaka sita, kwa mwanamke niliyempenda, na yalitoka jinsi yalivyokuwa yakitoka. Mama wa kwenye filamu akanyoosha mkono kuipokea bilauri.

"Mama, usinywe!"

Alikuwa Salman. Alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha kuelekea runinga, mtu aliyeambiwa na Kibiwott mwenyewe, kwa ulimi mnyoofu, mlangoni pake, kwamba muuaji ni Lavi. Hakuna aliyecheka. Nusu ya ukumbi ilikuwa imeziba midomo. Mama wa mitumba alimvuta shati kwa upole.

"Keti, baba," akamwambia. "Wote tunaona."

Aliketi. Niliendelea mpaka mwisho, maneno machache, mahali yalipohitajika. Pazia lilipofunguliwa watu walitoka wakiongea kwa sauti ya chini, na Levi alikuwa nje tayari, jaketi mkononi, akimuuliza Nakhungu nauli ya kwenda stendi ya magari ya Kitale.

Salman alibaki kwenye benchi mpaka ukumbi ukaisha watu. Kisha akaja mezani kwangu, akaikunja waya ya maiki vizuri, kazi ambayo hakuwahi kuifanya, akaiweka mbele yangu. Aliangalia kama Hawo yuko karibu.

"Nelima," akauliza, "kwani alikunywa?"

"Si ulikuwa hapo mbele?"

"Nilifunga macho."

"Njoo kesho," nikamwambia. "Saa kumi na nusu."